Mama Amesema Barafu

Jumapili, Juni 16, 2024

Leo baada ya ibada nimekata tiketi za matembezi ya Juneau, Alaska. Meli yetu ya utalii itafika huko Jumanne ya Julai 16, saa saba na nusu mchana, na kuondoka saa nne usiku. Hizo ni saa nane na nusu, nikaona ni nyingi. Nimeingiza helikopta inayotua juu ya mto wa barafu, boti ya kwenda kutazama nyangumi, na gari la waya linalopanda Mlima Roberts. Tunakwenda watatu: mimi, Mama na wifi yangu. Safari ya majini aliyowahi kusafiri Mama ni boti ya Dar kwenda Unguja. Ya wifi ni feri ya Likoni.

Mume wangu anabaki hapa Kent, karibu na Seattle, kwa sababu ya kazi. Ameipitia karatasi yangu mstari kwa mstari, kisha akauliza tutakula saa ngapi. Sikuwa nimepanga chakula.

Jumatano, Juni 19

Watu wa helikopta wanataka uzito wa kila abiria, na sababu yao inaeleweka: rubani hupanga watu vitini kwa uzito ili chombo kisielemee upande mmoja. Mama amekataa kutaja wake. Anasema hilo ni la kwake na daktari. Nimekadiria kilo 78, nikaandika 78 kwenye fomu, nikaenda kazini.

Jioni wamepiga simu kuuliza kama mtoto wa paundi 78 ataandamana na mzazi wake. Fomu ilikuwa ya paundi. Nimewaeleza kwamba ni mama yangu na ana miaka 71. Wamerekebisha.

Jumapili, Juni 23

Nimesoma mambo ambayo ilifaa niyasome kabla ya kutoa kadi ya benki. Matembezi ya bandarini yanauzwa kwa njia mbili. Ukinunua kwenye meli unalipa zaidi, lakini basi lao likikwama njiani meli inawangoja, au wanawasafirisha mpaka muikute bandari ya mbele. Ukinunua kwa watu wa mjini wenyewe bei inashuka na kundi linakuwa dogo, ila ukichelewa hilo ni lako. Na Juneau si mji wa kuchelewea. Ndio makao makuu ya jimbo la Alaska, una watu wapatao 32,000, na hakuna barabara hata moja inayotoka nje ya mji. Barabara zake zote zinaishia milimani, majini au kwenye barafu. Anayeingia na anayetoka ni kwa ndege au kwa chombo cha majini. Meli ikikuacha huwezi kuifukuza kwa teksi.

Helikopta nimenunua kwenye meli, dola 419 kwa kichwa. Nyangumi nimenunua kwa watu wa mjini, dola 165 kwa kichwa, na ukighairi zikiwa zimebaki chini ya saa 48 hela hairudi. Gari la waya si lazima kununua mapema, kwa kuwa kituo chake kiko palepale gatini.

Jumapili, Juni 30

Tumefanya kikao sebuleni kwa chai na maandazi. Nilianza kusoma ratiba, nikafika helikopta, Mama akanikatiza.

"Mwanangu, hiyo ni orodha ya sokoni. Kila mtu aseme kitu kimoja anachokitaka. Kimoja tu."

Wifi amesema nyangumi. Yeye ni mtu wa Malindi, na kila mwaka, kuanzia Julai hadi Oktoba hivi, nyangumi wa nundu hufika Watamu, kusini kidogo tu ya kwao, wakitoka bahari ya Antaktika kuja kuzalia kwenye maji ya joto. Watalii hukodi boti kwenda kuwaona. Yeye hajawaona hata mara moja. Alikuwa shule, kisha chuo cha uuguzi, kisha akaja huku. "Wanapita mlangoni kwetu miaka yote hiyo, wifi, na mimi sijatoka nje hata siku moja nikawaamkia."

Mama amesema barafu. Nikamwuliza barafu ipi, maana iko ya kutua juu yake na iko ya kuitazama kwa mbali. Akasema yoyote, mradi aiguse. Mama kazaliwa Machame, chini ya Kilimanjaro. Utotoni, akitoka alfajiri kwenda kufungulia maji ya mfereji tunaouita mfongo yaingie kihambani, shambani kwetu, Kibo ilikuwa nyeupe mpaka mabegani. Mwaka juzi alipokwenda nyumbani alikuta vipande. Wanaopima wanasema zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha. Maji ya mifongo hasa hutoka msituni, kwa mvua, si kileleni, na hilo Mama analijua kuliko mimi. Hakuwa akizungumzia maji. "Nimeiangalia tangu nijue kuangalia," amesema, "na sijaigusa."

Nimefuta helikopta ya wifi na nyangumi wa Mama, na hela za vyote viwili zimerudi. Mimi nimebaki na safari zote mbili, kwa sababu sikutaka yeyote aende peke yake. Gari la waya nimelifuta na kuliandika upya kwa penseli.

Jumanne, Julai 9

Makoti ya mvua yamefika. Juneau iko ndani ya Tongass, msitu mkubwa kuliko yote ya taifa la Marekani, na ni msitu wa mvua. Julai ni kiangazi na bado mvua hunyesha. Makoti ni matatu, rangi ya chungwa, yote ya mtoto wa miaka 12. Nimeyarudisha.

Ijumaa, Julai 12

Yamekuja mengine. Haya ni ya wanaume. Mikono ya la Mama inapita ncha za vidole. Hakuna muda wa kubadilisha, tumekunja.

Jumapili, Julai 14

Seattle, gatini. Foleni ilikwenda vizuri mpaka tukafika kwa ofisa, akaomba pasipoti na kadi ya ukaazi ya kila mmoja. Kadi ya Mama ilikuwa ndani ya Biblia, na Biblia ilikuwa ndani ya begi ambalo mpagazi alikwishalichukua tuliposhuka kwenye gari. Tumekaa pembeni saa nzima na dakika kumi mpaka begi likapatikana. Mama hakulaumu mtu. Amesema aliiweka kwenye Zaburi makusudi, ili isipotee.

Kadi na pasipoti zinahitajika kwa sababu siku ya mwisho tutapita Victoria, Kanada. Nilikuwa nikijiuliza meli ya kutoka Marekani kwenda Marekani inatafuta nini Kanada. Ni sheria ya mwaka 1886: chombo chenye bendera ya nchi nyingine hakiruhusiwi kubeba abiria kati ya bandari za Marekani tupu, kwa hiyo lazima kiguse bandari ya nje mahali fulani. Karibu meli zote hizi kubwa zina bendera ya nchi nyingine. Basi jioni ya Jumamosi watu elfu kadhaa tutafika Victoria kwa ajili ya sheria ya karne ya kumi na tisa.

Jumatatu, Julai 15

Bahari imemlevya Mama tangu alfajiri. Chumba chetu kiko karibu na omo, ambako meli hunyanyuka na kushuka kuliko kwingine, nacho ndicho kilikuwa cha bei nafuu. Nimesaga tangawizi kwa kisu cha mkate. Wifi amekaa naye mchana kutwa, akampa maji kidogo kidogo kwa kijiko kama anavyofanya wodini, na kumsimulia habari za Rabai alikosoma sekondari. Ndiko alikoishi mmisionari Johannes Rebmann, na ndiko alikotokea mwaka 1848 alipokwenda mpaka akauona Kilimanjaro. Aliona cheupe kileleni. Alipomwuliza kiongozi wake kile ni kitu gani, yule hakuwa na jina lake. Alisema ni baridi. Rebmann akaandika Ulaya kwamba ameona theluji karibu na ikweta, na wakubwa wa jiografia wa London wakabisha kwa miaka.

"Wangemwuliza mtu wa Machame," Mama alisema, macho yamefumbwa.

Saa tatu usiku. Wametangaza turudishe saa nyuma kwa saa moja, kwa kuwa Alaska iko nyuma ya Seattle. Nimerudisha simu, na miadi yote iliyo ndani yake ikahama. Nyangumi waliokuwa saa kumi na moja na nusu sasa wako saa kumi na nusu. Helikopta iliyokuwa saa tisa kasorobo sasa iko saa nane kasorobo, robo saa tu baada ya meli kufunga kamba. Nimekimbia kaunta ya matembezi nikiwa nimevaa ndara.

Ukweli ni huu. Miadi ya helikopta niliiandika kwa mkono nikiwa Kent, simu ikadhani ni saa ya Kent. Helikopta bado ni saa tisa kasorobo, saa ya Alaska. Lakini miadi ya nyangumi ilitumwa na kampuni na kujiandika yenyewe. Tangu mwanzo ilikuwa saa kumi na nusu ya Alaska, simu ndiyo ikanionyesha saa kumi na moja na nusu kwa sababu nilikuwa Kent. Helikopta inarudi saa kumi na moja. Kwa hiyo vitu viwili nilivyovipanga vifuatane vinapandana kwa nusu saa, na vimepandana hivyo mwezi mzima.

Nimeandikia kampuni ya nyangumi. Saa 48 zimepita, dola 165 zimekwenda. Nimemweleza wifi kwamba atakwenda peke yake. "Usihangaike, wifi," amesema. "Wagonjwa wote wale usiku nawahudumia peke yangu, sembuse kupanda boti."

Nimeandika kwenye karatasi, nikaibandika kwenye kioo cha bafuni ili kila mtu aione: BARAFU 2:45. NYANGUMI 4:30.

Jumanne, Julai 16

Saa moja na nusu asubuhi. Mama hayupo kitandani. Nimemkuta sitaha ya chini, kwenye mlango wa kushukia, amekaa juu ya kiti cha mhudumu, koti limefungwa mpaka shingoni, kanga kiunoni, fimbo mkononi. Alisoma 2:45 kama inavyosomwa kwetu, saa mbili na dakika 45, akaona ni vizuri kuwahi. Nje kulikuwa na bahari tupu. Alikuwa amekaa hapo tangu saa kumi na mbili. Amesema tumbo limetulia na mhudumu amemletea chai mara mbili.

Nimeongeza neno "mchana" kwenye karatasi.

Saa sita na nusu. Helikopta imefutwa. Ukungu umekaa juu ya mlango-bahari wa Gastineau kama blanketi, na marubani hawaruki wasipoona. Ofisa wa kaunta amesema hela yote itarudi, na ni kweli kwamba ukinunua kwenye meli inarudi bila mvutano. Anasema kiangazi chote ni hivyo, siku wanaruka na siku hawaruki.

Niliposikia habari hiyo niliona kosa langu, na si la saa wala la paundi. Mama alitaka kitu kimoja, nami nikakitundika kwenye chombo ambacho wingu likishuka hakiondoki, katika mji wenye mawingu. Nyangumi wana boti na boti huenda na mvua. Gari la waya linapanda na ukungu, ingawa juu huoni kitu. Cha Mama peke yake ndicho nilichokiweka mahali pa kuponyoka, na nilikiweka hapo kwa sababu kilikuwa cha bei kubwa, nikadhani bei kubwa ndiyo heshima.

Nimekwenda kumwambia. Alikuwa akisuka nywele za wifi. Aliuliza: "Barafu yenyewe imefutwa?" Nikasema hapana, ni helikopta. "Basi twende kwa miguu."

Saa nane. Tumeshuka. Mwaka huu hawaruhusu zaidi ya meli kubwa 5 kwa siku. Leo ziko 4 na barabara ya mbele ya gati imejaa makoti kama yetu. Mwaka jana abiria wa meli walikuwa zaidi ya milioni 1.6, katika mji wa watu 32,000. Ukisimama katika mji huu kwa dakika kumi unaelewa kwa nini wenyeji walitaka kikomo. Mtaa wa kwanza wote ni maduka ya vito. Mlima uko nyuma ya maduka, umesimama wima, na maporomoko membamba ya maji yanateremka kutoka kwenye wingu kana kwamba wingu limetoboka. Ni mji mzuri sana. Wifi amesema unamnyima mtu adabu ya kutazama mbele anapotembea, na hapohapo amegonga nguzo.

Tumeagana naye kwenye kituo cha basi dogo la watu wa nyangumi. Boti zao hutokea ghuba ya Auke, mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka gatini. Nimempa darubini.

Saa nane na nusu. Basi la mji ni dola 2 na linakufikisha kilomita mbili na nusu kutoka kwenye barafu. Nilikuwa nimesoma hivyo, nikaona Mama atazitembea taratibu. Tumepanda basi, tukakaa mbele, likavuka daraja. Mto wa barafu hauko ng'ambo ya daraja. Ng'ambo ya daraja ni kisiwa cha Douglas. Dereva amesikitika kwa ajili yetu na kutushusha kwenye kituo chenye paa, tungoje la kurudi. Tumengoja dakika 35. Mama alitazama mlango-bahari na mvua inayonyesha ndani yake, akauliza, hapa pangefaa mihogo? Nikasema hapana, ni baridi. Akasema kweli, baridi.

Saa tisa na dakika 40. Nimeacha mambo ya basi. Teksi ni dola 45. Dereva kaishi hapa miaka yake yote, na njiani ametuonyesha upande ulipo mto Mendenhall, unaotoka kwenye ziwa la barafu na kupita katikati ya makazi. Agosti mwaka jana bonde moja lililozibwa na barafu huko juu lilijaa maji, maji yakatoboa njia chini ya barafu, mto ukafura kwa siku moja na kumeza kingo zake. Nyumba zilidondoka ndani. Mama aliuliza kama kuna watu waliokufa. Dereva akasema hapana, waliwahi kutoka. Mama akasema ashukuriwe Mungu, na akanyamaza mpaka tukafika.

Tumekubaliana na dereva aturudie saa moja na nusu.

Saa kumi na robo. Langoni askari wa hifadhi ametuuliza kama tuna chakula. Tulikuwa na pakiti ya korosho na biskuti. Chakula hakiruhusiwi njiani kwa sababu ya dubu: samaki aina ya salmoni wameanza kupanda kijito kutaga, dubu weusi wanawafuata, na dubu akishazoea mikoba ya watu mwisho wake ni kuuawa. Dereva alikuwa hajaondoka, tumerudi tukala korosho ndani ya teksi. Naye tumempa.

Njia ya mbao ya juu ya kijito imefungwa kwa kamba. Dubu jike kapanda na mtoto kwenye mti karibu nayo. Nimesimama kwenye kamba robo saa na sikuona kitu isipokuwa tawi lililotikisika. Mama hakusimama. Alikwishaanza kwenda.

Jengo la wageni lilifunguliwa mwaka 1962, madirisha yake makubwa yakielekezwa kwenye barafu iliyokuwa karibu. Barafu imeondoka, madirisha yamebaki yakitazama ziwa. Hata hilo ziwa si la zamani. Lilianza kutokea mwaka 1929 hivi, barafu iliporudi nyuma na kuacha shimo. Marehemu bibi yangu alikuwa mkubwa kuliko ziwa hili. Nilitaka kumwambia Mama hayo yote nikiwa nayo bado kichwani, na alikuwa mbali mbele yangu na fimbo yake, koti la chungwa likipungua kwenye mvua.

Mpaka kwenye maporomoko ya Nugget ni kilomita moja na nusu hivi, changarawe tupu na tambarare. Tumekwenda dakika 55. Mama alipumzika mara nne. Watu walitupita, kila mmoja akatusalimu, na Mama akamjibu kila mmoja "marahaba", wazee kwa vijana. Maporomoko yana urefu wa mita 115 na huyasikii tu, unayapumua, hewa yote imekuwa maji. Kushoto kwake, ng'ambo ya ziwa, ndipo barafu ilipo.

Nilikuwa nimeona picha. Picha hazisemi rangi yake. Juu ni nyeupe iliyochafuka, lakini pale ilipopasuka ndani ni samawati ya kitambaa kipya, kwa kuwa barafu iliyobanwa na uzito wa miaka humeza wekundu wa mwanga na kuuachia ubuluu. Ni ulimi wa mwisho wa mto wenye urefu wa kilomita 20 hivi, unaoteremka kutoka kwenye uwanda wa barafu nyuma ya milima. Mama alisimama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mvua ilikuwa ikiizidi.

Kutoka pale tulipo mpaka kwenye barafu ni maji, hayavukiki. Nilikuwa najiandaa kumwambia. Yeye akateremka mpaka ukingoni na kuniita. Kwenye kokoto, mawimbi madogo yalikuwa yamesukuma kipande kikubwa kama mtungi wa maji. Hakikuwa cheupe. Kilikuwa kama kioo, unaona kokoto kupitia ndani yake, na katikati vijipovu vyembamba vimepangwa mistari. Mama alivua glovu. Aliweka kiganja chote, akakiacha hapo, akahesabu kwa midomo sijui mpaka ngapi. Kisha akainama, kwa taabu ya magoti yale, akaweka sikio.

"Njoo usikie."

Kilikuwa kikitokota. Sauti ndogondogo, kama mafuta yanapoanza kushika moto chini ya maandazi. Ni hewa iliyofungwa ndani tangu barafu ilipokuwa theluji. Barafu ikiyeyuka, kila kipovu kinapasuka na kuitoa. Tumesikiliza wote wawili, kichwa kwa kichwa, mpaka shingo ikaniuma. Nimepiga picha 30. Lenzi ilikuwa na ukungu ndani. Hakuna hata moja inayoonekana.

Mama ameokota kipande kidogo kando, kama ngumi, akakifunga kwenye kanga.

Saa moja na dakika kumi. Maegeshoni.

Saa mbili kasoro dakika kumi. Teksi haijafika. Simu haina mtandao. Mwisho wa kupanda meli ni saa tatu na nusu usiku, na safari hii si ya meli, ni yangu mwenyewe.

Saa mbili na dakika kumi. Imefika. Kulikuwa na ajali ndogo barabarani, na barabara ni hiyo moja. Dereva kaomba radhi na kukataa nyongeza niliyompa. Sehemu ya mbele ya gauni la Mama imelowa kutoka kwenye kanga. Amekataa kukiweka chini.

Saa tatu kasorobo. Tuko melini. Wifi alikuwa mlangoni akitungoja, amesimama pale kwenye kiti cha mhudumu alichokalia Mama asubuhi. Hakungoja tuvue makoti. Ameona watatu. Boti ilizima injini mbali nao, maana sheria inakataza kuwasogelea chini ya yadi 100, karibu mita 90, lakini mmoja aliibuka mwenyewe karibu zaidi, akapumua, na upepo ukaleta pumzi yake. "Wifi, inanuka! Inanuka soko la samaki la Malindi saa nane mchana!" Machozi yalikuwa yakimtoka. Kisha akainua mkia. Chini ya mkia kila mmoja ana madoa yake, hayafanani na ya mwingine, kama alama za vidole, na mwongozaji aliwatambua wawili kwa madoa hayo. Hawa hutumia majira ya baridi Hawaii. Si wale wa Watamu. Wifi anasema ameliuliza hilo kwanza kabla ya yote, na kwamba Agosti ijayo akienda nyumbani atakwenda Watamu kuwaambia wale wa kwetu kwamba ameonana na ndugu zao.

Video zake ni 14. Zote zinaonyesha maji baada ya nyangumi kuzama.

Gari la waya hatukupanda. Tumeliona likishuka na taa zake wakati meli ikiondoka.

Jumatano, Julai 17

Skagway. Hatukukata chochote. Tumetembea mpaka kwenye stesheni ya reli iliyokamilika mwaka 1900 kwa ajili ya dhahabu, tukatazama garimoshi likiondoka, tukanywa chai. Wifi kaacha mwavuli mahali.

Alhamisi, Julai 18

Kanga ya Mama imekauka bafuni. Pale kipande kilipoyeyukia pamebaki duara la kijivu, laini kama unga wa muhogo. Ni unga wa mawe. Mto wa barafu husaga mlima unapopita na kuubeba. Mama ameligusa kwa kidole cha shahada, akaikunja kanga upande wa duara uwe ndani, akaiweka juu ya begi.

Jumamosi, Julai 20

Victoria, saa mbili usiku. Mama alikuwa na kadi mkononi tangu mchana. Hakuna aliyeiomba.

Jumatatu, Julai 22

Kent. Mume wangu katusaidia sana jana usiku tulipolala. Katoa nguo zote kwenye mabegi na kufua kila kitu, na kanga ndani yake. Imetoka safi. Nimemweleza, amekaa chini kwenye ngazi na hakusema kitu kwa muda. Nikampelekea Mama mwenyewe. Aliifungua, akaigeuza pande zote mbili, akajifunga.

Baadaye alimpigia mjomba Machame. Kule kulikuwa asubuhi, na mjomba alikuwa kihambani. Nilimsikia Mama akimsimulia maporomoko, dubu asiyeonekana, basi lililovuka daraja. Mjomba akauliza, kwa sauti iliyosikika hadi jikoni, hiyo barafu yenyewe ikoje ukiishika.

Mama alifikiri.

"Baridi," akasema, na simu ikakatika. Salio lilikuwa limekwisha. Nimemwongezea dola 10, amepiga tena.